Njiwa wa Mgonjwa

Mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Tanga wiki tatu baada ya kupasuliwa. Tulimkalisha uani kwenye kiti cha plastiki, chini ya kivuli cha mwembe wa jirani, tukampa maji. Alikunywa nusu bilauri, akashusha pumzi, akatazama boksi la mafuta ya kula lililokuwa kando ya pipa, akasema kwa furaha ya kweli, "Alhamdulillahi, mmeshaniwekea na supu."

Ndani ya boksi alikuwemo njiwa. Binti yangu alimwokota barabarani siku nne nyuma, kunguru wawili wakiwa wanamdonoa ubawa. Alimfunga kitambaa, akamtandikia magazeti, akampa jina Posta kwa sababu alisikia mahali kwamba njiwa hupeleka barua. Ana miaka kumi na miwili, umri wa mtu kuamini jambo kwa mwili mzima.

"Bibi, huyo si wa kuliwa."

"Njiwa asiyeliwa ni njiwa gani, mke mwenzangu?" Mama alikuwa anatania. Ndivyo bibi wa pwani anavyomwita mjukuu wake wa kike, na huo ni mlango wa utani. Lakini mtoto hakutaniwa. Alilibeba boksi, akalipeleka chumbani kwake, akafunga mlango. Jioni hakula na sisi. Siku ya pili alimwamkia bibi yake bila kumtazama usoni, na mama, ambaye hakuzoea kuamkiwa hivyo, akaacha kutania.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mmoja alinijia kwa wakati wake kutaka hukumu. Binti alisema, "Baba, wewe unajua mambo ya zamani, mwambie Bibi." Mama alisema, "Mwanangu, mfundishe mwanao adabu ya chakula." Nilidhani ni kesi ndogo.

Kwanza nijitaje mwenyewe, maana hakimu naye ana ya kwake.

Nyumbani kwetu Ngamiani, bibi yangu mzaa mama alifuga njiwa kwenye masanduku ya mbao yaliyopigiliwa misumari chini ya upenu. Aliwaita njiwa manga. Manga ni jina la zamani la Arabuni, lile lile lililomo kwenye pilipili manga, kwa hiyo neno lenyewe linakuonyesha ndege huyu alidhaniwa ametokea wapi. Ninga na hua walikuwa wa porini. Njiwa manga alikuwa mtu wa nyumbani. Hakuuzwa. Alitolewa kwa jirani anayeanza maisha, jozi, dume na jike. Na aliliwa, lakini si kila siku kama dagaa. Aliliwa na mgonjwa anayepata nafuu na mzazi aliyejifungua. Bibi alichukua kinda kabla halijaruka, likiwa na majuma manne hivi, akalichinja, akalichemsha polepole na tangawizi, pilipili manga na ndimu mpaka nyama iachane na mfupa. Wakati huo huo alikuwa na imani kwamba njiwa hawakai nyumba yenye ugomvi. Watu wakianza kupandisha sauti, alinyoosha kidole juu kwenye upenu, na watu walinyamaza. Kwa hiyo ndege wale walikuwa dawa, na walikuwa pia mashahidi wa tabia yetu, na bibi hakuona mgongano wowote.

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa na njiwa wangu, mwenye doa jeupe shingoni. Nilimfunga uzi mwekundu mguuni ili nisimpoteze kati ya wenzake. Mwaka ule nikaugua homa ya matumbo. Nilipoanza kupata nguvu bibi aliniletea supu, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya tatu nilijikongoja mpaka jikoni kutafuta maji, nikauona uzi mwekundu umezungushwa kwenye msumari ambao bibi alitundikia kata. Hakuutupa. Nilirudi kitandani, nikamaliza bakuli. Nasema hivi ili isidhaniwe nililia. Sikulia. Nilikuwa na njaa.

Nilianza kuisoma habari ya njiwa usiku, nikisahihisha madaftari, nikitafuta kisa kimoja kitakachomaliza neno. Huyu ndiye ndege wa kale kabisa wa kufugwa, au mmoja wa wa kale, na tangu alipohamia kwenye kuta za watu, maelfu ya miaka iliyopita huko Mashariki ya Kati, sijui kama aliwahi kuwa kitu kimoja. Katika Agano la Kale na Jipya ni sadaka ya maskini: asiyeweza mwanakondoo alete njiwa wawili. Ndege wa ukoo huo huo ndiye aliyemletea Nuhu jani la mzeituni. Makka, ndani ya eneo takatifu, hawindwi, na wanavyuoni wengi wamesema anayemuua hulipa kondoo. Msafiri yule yule akitoka nje ya mipaka ya eneo hilo, akaingia mgahawani Cairo, ataletewa njiwa aliyejazwa ngano au wali, na hakuna atakayemwona mkosaji. Mama nilipomweleza hilo alisema, "Sasa si umeshajibu?" Binti alisema, "Kwa hiyo hapa nyumbani nasi tunaweza kuweka mpaka." Nikaona kesi si ndogo.

Nenda Ufaransa ya kabla ya mapinduzi. Mnara wa njiwa ulikuwa alama ya ubwana, na mahali pengi mkulima wa kawaida hakuruhusiwa kuujenga. Njiwa wa bwana walilala kwake na kula kwa watu. Walishuka kwenye mbegu zilizopandwa leo, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuwaua. Nyama ilikwenda mezani kwa bwana, mbolea ikaenda kwenye shamba la bwana. Katika madaftari ya malalamiko ambayo vijiji viliandika mwaka 1789, njiwa wamo. Na katika amri zilizotokana na usiku wa tarehe 4 Agosti mwaka ule, usiku ambao haki za mabwana zilifutwa, kipengele cha pili kabisa kinahusu minara ya njiwa: haki ya pekee imefutwa, njiwa wafungiwe kwa majira yatakayopangwa na kila jamii, na wakionekana nje wakati huo kila mtu ana ruhusa kuwaua kwenye ardhi yake. Fikiria taifa linaanguka na kusimama upya, na kabla ya kufika mbali linamtaja njiwa. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia. Mtoto wa mkulima aliyelindia mpunga ndege tangu alfajiri hacheki.

Kisa alichokipenda binti yangu ni cha Paris ile ile, miaka themanini baadaye. Kuanzia Septemba 1870 mpaka mwisho wa Januari 1871 jeshi la Prussia liliuzingira mji. Nyaya za simu zilikatwa. Watu walikula farasi, kisha paka, kisha panya. Mwishoni mwa Desemba wale ndovu wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, waliuawa na nyama yao ikauzwa kwenye bucha la Boulevard Haussmann kwa wenye fedha. Katika njaa hiyo, wafugaji wa njiwa waliwatoa ndege wao, si kwa sufuria. Puto zaidi ya sitini ziliruka kutoka mjini usiku na mchana, na nyingi zilichukua vikapu vya njiwa. Zikitua mbali, nje ya mazingira ya adui, ndege waligeuzwa tarishi wa kurudi nyumbani. René Dagron, mpiga picha, naye alitoka kwa puto akiwa na mitambo yake, akapiga picha za barua kwa udogo ambao jicho halisomi. Filamu nyembamba zilikunjwa ndani ya bua la unyoya, bua likafungwa kwenye unyoya wa mkia. Ndege mmoja aliweza kubeba makumi ya maelfu ya ujumbe. Mjini filamu zilimulikwa ukutani kwa taa, makarani wakanakili, na mtu akapata habari kwamba mkewe amejifungua salama huko Tours.

Zaidi ya ndege mia tatu walitumwa. Waliofika hawakutimia mia. Wengine walikufa kwa baridi, wengine kwa mwewe, wengine, bila shaka, kwa mtu mwenye bunduki na njaa ambaye hakuutazama mkia.

"Umeona?" binti aliniambia. "Walikuwa na njaa na hawakuwala."

Sikumwambia yote. Waliohifadhiwa ni njiwa wanaojua njia. Njiwa wa kawaida wa Paris hawakuwa na kazi ya kufanya.

Mpaka huo baadaye uliandikwa kwenye sheria. Katika Vita Kuu ya kwanza, serikali ya Uingereza ilibandika matangazo: atakayempiga njiwa tarishi atafungwa miezi sita au kulipa faini ya pauni 100. Njiwa wa porini aendelee kupikwa. Katika vita ya pili walikwenda mbali zaidi, wakaamuru kozi wa pwani wauawe wasije wakala askari wenye mabawa. Medali ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa wanyama wa vita, ilitolewa mara 54 mpaka mwaka 1949, na 32 kati ya hizo zilikwenda kwa njiwa. Mbwa walipata 18. Nadhani hakuna jamii ya wanyama iliyopewa nishani nyingi kiasi hicho na kuliwa kwa wingi kiasi hicho na watu wale wale, katika miaka ile ile ya mgao wa nyama.

Lakini kisa kilichoninyima usingizi ni cha Misri. Hicho ndicho mama alichokichukua.

Denshawai ni kijiji cha Delta ya Nile, katika mkoa wa Menoufia. Kama vijiji vingi vya huko, kilikuwa na minara ya njiwa. Njiwa walikuwa nyama, walikuwa mbolea ya mashamba, walikuwa akiba. Tarehe 13 Juni 1906 maofisa watano wa jeshi la Uingereza, wakiwa njiani na kikosi chao kutoka Cairo kwenda Alexandria, walikuja kuwapiga risasi kwa burudani. Kwao njiwa aliyeko hewani alikuwa shabaha. Hapakuwa na uzio wala alama, na kwa macho yao hapakuwa na mwenyewe. Siku hiyo moto ulishika kwenye uwanja wa kupuria nafaka, wanakijiji wakaamini umetokana na bunduki. Watu wakakusanyika. Katika vuta nikuvute ya kuwanyang'anya maofisa silaha, bunduki ikalia, mwanamke akaanguka, mke wa Muhammad Abd el-Nabi. Watu wakadhani amekufa. Ndipo fimbo na matofali vilipoanza.

Ofisa mmoja, Captain Bull, aliumizwa kichwani, akakimbia kwenye jua kali la Juni kutafuta kambi. Alianguka njiani, akafa. Daktari alisema ni jua. Mkulima mmoja alikuwa karibu yake. Askari waliofika wakadhani ndiye muuaji, wakampiga mpaka akafa. Kwa mauti hayo hakuna aliyehukumiwa.

Kwa yale mengine mahakama maalumu iliundwa Shebin el-Kom. Washtakiwa walikuwa zaidi ya hamsini. Kesi ilikwisha kwa siku chache, na tarehe 28 Juni, majuma mawili na siku moja baada ya njiwa kupigwa, wanaume wanne walinyongwa kijijini kwao wenyewe, mbele ya watu wao: Hassan Mahfouz, Yusuf Salim, Sayyid Isa Salim na Muhammad Darwish Zahran. Kati ya kunyongwa mtu na mtu, wengine walichapwa viboko, hamsini kila mmoja. Wengine walikwenda kifungoni. Abd el-Nabi, yule ambaye mkewe alipigwa risasi, alipewa kifungo cha maisha.

Misri haikusahau. Lord Cromer, aliyeitawala nchi ile kwa jina la ushauri tangu 1883, aliondoka mwaka 1907, na Denshawai ilimfuata mpaka London. George Bernard Shaw aliiandika kesi hiyo kwenye utangulizi wa tamthilia yake, *John Bull's Other Island*, akiwaomba Waingereza wafikirie maofisa wa Kichina wametokea kijijini kwao na kuanza kupiga risasi bata na kuku wa watu. Waliobaki gerezani waliachiwa mwaka 1908. Boutros Ghali, aliyeongoza mahakama ile, alipigwa risasi na kufa Februari 1910, na Denshawai ilikuwa moja ya hoja za aliyemuua. Zahran baadaye akawa shairi la Salah Abdel Sabour.

Mwaka huo huo wa 1906 Paris ilizindua sanamu ya Bartholdi, yule wa Sanamu ya Uhuru ya New York, kuwakumbuka warusha puto na wafugaji wa njiwa wa wakati wa mzingiro. Wajerumani walipokuja tena, katika vita ya pili, shaba yake iliyeyushwa.

Nilipomaliza kumsimulia, mama alikaa kimya, mkono wake ukiwa juu ya kidonda kama alivyozoea siku zile. Kisha akasema, "Watu wamekufa kwa ajili ya kitoweo chao."

"Kwa ajili ya njiwa wao," binti alisema kutoka mlangoni. Sikujua alikuwepo.

"Ndiyo hivyo hivyo, mama."

Nadhani hilo ndilo lililonishinda mimi na vitabu vyangu. Nilikuwa nimewapanga watu kwa mistari miwili, wanaokula na wanaopenda, na Denshawai walikuwa kwenye yote miwili. Maofisa hawakuwa popote kati ya hiyo. Walikuwa hawali kwa haja wala hawafugi.

Kuna na habari ya Marekani, nitaipitia haraka. Ndiko walikotokea wale wanaoitwa wapassenja, njiwa pori waliofunika jua wakiruka, waliouzwa kwa mapipa mijini mpaka wa mwisho, Martha, akafa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Ndiko pia, mwanzoni mwa karne hiyo, Elmer Rice wa Boston alipouza vitabu vya kuwashawishi watu kwamba makinda ya njiwa yatawatajirisha uani kwao. Kutokana na ufugaji huo walizalishwa njiwa wa nyama wanaoitwa King, wakubwa, weupe, wazito wa kuruka. Kuku wa bei rahisi aliwashinda sokoni. Lakini bado wapo, na leo hutokea mtu akawanunua kwa kuwahurumia, au kwa sherehe, akawarusha hewani kama ishara ya amani. Ndege aliyezalishwa kwa ajili ya sahani hajui kutafuta chakula na hajui kumkwepa mwewe. Anakutwa bustanini ameduwaa. Huko California wapo watu wanaowaokota, wakawatibu, wakawaweka ndani ya nyumba na kuwavalisha hata suruali za kuzuia kinyesi. Nilipomwonyesha mama picha ya njiwa aliyevaa suruali alicheka mpaka akashika tumbo na kuniambia nimwache, nyuzi zitafumuka.

Siku hiyo alimwita binti yangu. "Mlete huyo mgonjwa wako nimwone."

Mtoto alisita. Alinitazama, nami sikuwa na la kumwambia. Akaleta boksi.

Mama alimtoa ndege kwa mkono mmoja, vidole viwili vikibana miguu, kama mtu anayeshika kitu alichokishika maisha yake yote. Aliukunjua ubawa, akautazama, akaurudisha. Akapuliza kichwani. Kulikuwa na nyuzinyuzi za manjano kati ya manyoya. "Huyu bado kinda," alisema. "Mnamwekea mchele kama mtu mzima, atakufa kibandani kwenu na mchele mbele yake. Hajajua kula. Gusa hapa." Alimshika mjukuu wake kidole, akakiweka kwenye gole, ule mfuko wa kooni. "Tupu. Usiku linatakiwa lijae."

Aliagiza choroko zilowekwe. Alizipima kwa vidole mpaka zikalainika, akampanua ndege mdomo, akasukuma moja, akangoja, akasukuma nyingine. Alihesabu kwa sauti. Njiwa, aliniambia huku akiendelea, hawalishi watoto wao wadudu. Baba na mama wote wawili hutoa maziwa kooni. Hilo nilikuwa nimelisoma usiku wa juzi: mwaka 1933 Oscar Riddle na wenzake waliitambulisha homoni ya maziwa, prolaktini, kwa kuangalia magole ya njiwa yakivimba. Mama hakusoma Riddle. Alijua tu kwamba mzazi asiyetoka maziwa hupewa supu ya njiwa. Nilitaka kumwambia vitu hivyo viwili havithibitishani. Nikaacha.

"Bibi, ulijifunzia wapi?"

"Wakizaliwa wawili, mmoja hubaki nyuma. Huyo mdogo ndiye tuliyemlisha kwa mkono."

"Halafu?"

"Halafu anakua."

Binti yangu hakuuliza swali linalofuata. Aliendelea kulishika lile bakuli la choroko.

Jioni nilikwenda sokoni, nikamnunulia mama kuku wa kienyeji. Alikunywa supu yake bila kusema neno, ila mara moja, akiinamisha bakuli, alisema kuku ana mafuta sana kwa mtu mwenye kidonda. Nilikuwa nakaa mkabala naye. Nikamuuliza, baada ya miaka yote hiyo, kama anaukumbuka uzi mwekundu.

"Mimi ndiye niliyeufungua," alisema. "Mama alitaka kuukata kwa kisu. Nikamwambia uzi una mwenyewe."

Alikaa kwetu mwezi mmoja. Kila alfajiri baada ya swala nilisikia choroko zikihesabiwa uani, sauti mbili. Ubawa haukupona vizuri. Posta anaruka mpaka juu ya pipa, hafiki ukutani. Mama alirudi Tanga kwa basi la saa kumi na mbili. Akipiga simu huanza na mimi, anauliza kazi, anauliza afya, kisha anasema nimpe mke mwenzake.

"Kile kitoweo changu kinakula?"

"Anakula, Bibi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Halafu mtoto hupeleka simu kwenye kibanda, na mama hukaa kimya huko Tanga, akisikiliza.